Fuwele za Bomba la Wodi ya Wazazi

Junta ya afya, yaani bodi ya madaktari, ilinisikiliza kifua kwa muda wa kuchemsha chai, ikaandika kwamba sifai tena kwa kazi ya maabara. Hivyo nikawa mstaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Mama yangu bado analima machamba yake kila asubuhi. Wenzangu niliosoma nao Maputo, wengine bado wanatafuta kazi ya kwanza. Mimi nimeshamaliza.

Nawaandikia ninyi mtakaokaa kwenye lile kontena baada yangu. Vyeo sitavieleza, maana nilipata kimoja tu na kilikuja pamoja na barua ya kuniondoa. Nitaeleza habari za mabomba, za mtu aliyenifundisha kuyashika, na za karatasi moja niliyoiandika vibaya. Kama si hiyo karatasi nisingejisumbua. Hadubini inajieleza yenyewe, na kitabu chake kimo kwenye droo ya chini.

Nilirudi Palma wakati watu nao walikuwa wanarudi baada ya vita. Kila jengo lilikuwa linatengenezwa, na kila jengo lilitaka maji. Mradi wa kutengeneza majengo hayo ulinipa kontena la bati liwe maabara, lenye mlango mmoja na bila dirisha. Mlango ulitazama ghuba ya Tungue, kwa hiyo wageni waliniambia nina bahati. Hawakuwahi kukaa humo saa saba mchana, jiko la umeme linawaka na plastiki inayeyuka juu ya kioo. Niliomba feni. Nikaambiwa iko njiani. Mambo mengi yalikuwa njiani miaka ile. Malori ya mabomba yenyewe yalilala kwenye kizuizi cha Awasse siku nyingi juani yakisubiri kuruhusiwa kupita.

Siku ya kwanza alikuja Mestre Anli kunitazama. Alikuwa fundi mkuu wa mabomba, mtu wa makamo aliyeanza kuzeeka, mikono imejaa makovu ya moto. Kabla ya mabomba alikuwa mhunzi: alifua majembe, mapanga na misumari ya majahazi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wewe ndiye binti Muanacha aliyesoma plastiki?"

"Ndiyo, Mestre."

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mimi nimeijua kwa siku moja. Ikishika moto, toa mkono."

Akacheka peke yake, akanitupia kipande cha bomba jeupe. "Haya, doutora, niambie huyu ni nani." Nikamwambia ni polipropilini, aina ya mchanganyiko usio na mpangilio. Akasema, "Sisi tunamwita bomba." Ndiyo ilikuwa sherehe ya kunipokea.

Mabomba haya hayaunganishwi kwa gundi. Kuna chuma cha moto chenye vichwa viwili: kimoja unachomeka ncha ya bomba, kingine unachomeka kiungo. Unasubiri sekunde zilizopangwa, unavitoa, unavisukuma kimoja ndani ya kingine, unashika bila kuvizungusha. Ukisubiri kidogo, havishikani. Ukisubiri sana, tundu linaziba. Mestre Anli hakuwa na saa. Alipima kwa kusoma sura ya Kul-huwallahu: bomba la inchi moja mara moja, la inchi mbili mara tatu, kwa sauti ya chini, midomo inacheza. Mafundi wake wote walifanya hivyo. Kwenye paa lenye mafundi wanne ulidhani umeingia chuo cha Kurani.

Mimi sikuamini. Sikuwa naamini kitu chochote wakati ule, na nilijivunia hivyo. Wiki nzima nilimpima kwa simu yangu bila kumwambia. Hakuwahi kukosea zaidi ya sekunde moja, asubuhi wala jioni, akiwa na njaa au ameshiba. Aliponifuma aliuliza, "Vipi, Mungu amepita mtihani?" Nikaona haya, nikaweka simu mfukoni.

Lakini kitu kimoja alikosea kweli. Akishaunganisha, alizungushia kiungo kitambaa kilichochovywa kwenye ndoo ya maji. Nilimuuliza kwa nini.

"Jembe nikilitoa motoni nalitia maji, linakomaa. Hiki nacho si kimetoka motoni?"

Hilo ni kosa la mhunzi, na mtu ambaye hakuwahi kufua chuma asingelifanya. Nikamwita ndani ya kontena. Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu nzuri kuliko zote, na sasa nikiikumbuka inaniuma.

Nilimwambia: polipropilini ya kawaida ni mnyororo mrefu wa pete zinazofanana. Ikipoa, minyororo inajikunja na kulaliana sambamba, inapangika kama boriti zilizonyooka, na hapo panaitwa fuwele. Katika bomba letu wametia pete ngeni kwenye mnyororo, pete za ethilini. Hazikupangwa moja kila baada ya kadhaa, zimeangukia popote. Fuwele haizipendi. Chache inazimeza na kupinda kidogo, nyingi inazisukuma nje. Kwa hiyo fuwele inaweza kuwa nene kadiri ya kipande safi kati ya pete ngeni na pete ngeni, na vipande hivyo havilingani. Vipande virefu vinapangika mapema, bomba likiwa bado moto sana. Vifupi vinangoja lipoe zaidi. Vingine havipati nafasi kamwe, vinabaki vimelegea katikati, na minyororo inayotoka fuwele moja kuingia nyingine inazifunga pamoja. Ndiyo maana bomba hili linayeyuka kwa moto mdogo kuliko la kawaida, na ndiyo maana linavumilia: likivutwa miaka na maji ya moto, linanyumbuka kabla ya kupasuka.

"Na kitambaa?"

"Kitambaa kinavinyima vile vifupi muda wa kujipanga. Ngozi ya kiungo inabaki si maji wala si fuwele. Ukikiacha kipoe chenyewe, hata safu zinazokingamana zinajengeka, kama fito zinavyokingama na boriti ukutani."

Alifikiri kidogo. "Yaani chuma kinataka kushtuliwa, hiki kinataka kuachwa."

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Umenizungusha mpaka Maputo na kunirudisha."

Kesho yake nilipopita kwenye jengo walilokuwa wakifanyia kazi, ndoo ilikuwa imefunikwa na juu yake kumewekwa mkate. Vitambaa aliwapa mafundi wafutie jasho. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba tatizo limekwisha.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache, nawaachia vyote. Hadubini moja. Wembe, ambao ukitoa ncha ya ulimi na kuzuia pumzi unaweza kukata ukanda mwembamba wa bomba mpaka usomeke. Karatasi mbili za kuchuja mwanga nilizobandua kwenye skrini za simu mbovu. Ukikingamisha hizo mbili, fuwele zinang'aa gizani kama nyota zenye msalaba ndani. Polipropilini ya kawaida inatoa nyota kubwa, wazi. Ya mchanganyiko inatoa nyota ndogo mno, hafifu, kama vumbi. Kumbukeni hilo. Mimi nililijua kuliko jina langu, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Kisha ikaja wodi ya wazazi. Mestre Anli na watu wake waliweka njia ya maji ya moto na ya baridi kutoka tangi la juu ya paa mpaka vyumba vya kujifungulia. Kazi ilikuwa safi, hata mkandarasi alipiga picha. Hazikupita wiki nyingi viungo vikaanza kuachia. Cha kwanza kiliachia mchana, maji yakafurika chini ya vitanda. Wakakifunga, kikaachia kingine. Enfermeira Rosa, muuguzi mkuu wa wodi, mtu wa Nampula asiyejua kunong'ona, alikuja mpaka kontenani ameshika kiungo mkononi.

"Doutora, nimewalaza wazazi barazani. Ndugu zao wanachota kisimani kwa ndoo. Nataka kujua nani amenifanyia hivi."

Mkurugenzi wa mradi, mhandisi Tomás, alitaka kujua hivyohivyo, na alitaka kujua kabla ya jioni kwa sababu wageni wa mkoani walikuwa wanakuja. Nikachukua kile kiungo, nikakata ukanda wa nje, nikauweka chini ya hadubini. Nyota ndogo, hafifu, kama vumbi. Nikasema moyoni: kitambaa.

Nataka mwelewe nilichofanya. Nilikata upande wa kiungo peke yake. Kiungo kilikuwa cha mchanganyiko halali, na mchanganyiko hutoa nyota ndogo hata ukipoa kwa siku nzima. Bomba lenyewe, lililoingia ndani ya kiungo, sikuligusa. Lilikuwa limepigwa chapa, na lilikuwa na cheti. Mimi niliyempima mzee kwa simu wiki nzima, niliiamini chapa.

Nilimfuata Mestre Anli uani.

"Mestre, uliweka kitambaa?"

"Sikuweka."

"Hata kimoja? Siku zile mlikuwa na haraka."

"Binti Muanacha, nimekwambia sikuweka."

Hakupandisha sauti. Nilimtazama nikaona mtu mzima anayeficha kosa la zamani. Nikajiambia kwamba sayansi haimtazami mtu usoni.

Relatorio, yaani ripoti yangu, iliandikwa kwa Kireno, ukurasa mmoja. Kanuni ilitaka mhusika atie saini kuonyesha kwamba amesomewa. Mestre Anli anasoma Kurani, na anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua ndefu kwa jamaa zake wa Mucojo. Kireno alikijua cha sokoni na cha kituo cha polisi. Basi mimi ndiye niliyemsomea, tumekaa kwenye ngazi ya ofisi. Sentensi yenyewe ilisema kwamba viungo viliachia kwa sababu fundi mkuu, ingawa alionywa, aliendelea kuvipoza kwa maji. Nilipoifikia, ulimi ulikataa. Nikasema:

"Hapa imeandikwa viungo vya wodi viliachia kwa sababu ya namna vilivyopoa."

"Basi?"

"Basi."

"Mimi sijui kwa nini viliachia. Lakini kama ndivyo mashine yako inavyosema, sawa." Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akaweka kwenye karatasi, akaomba kitambaa cha kujifutia.

Hazikufika siku nne akaondolewa kazini. Mtu mwingine ndiye aliyemweleza kile kidole kilikubali nini. Mjini habari haikukaa Kireno. Kwenye msikiti wa Ijumaa yeye ndiye aliyekuwa akitunza mabomba ya kutawadha tangu yalipowekwa, bila malipo, na ufunguo wa tangi ulining'inia shingoni mwake pamoja na hirizi ya bibi yake, ambayo yeye aliona haivunji dini. Wazee wa kamati walimwomba ufunguo kwa adabu. Walisema apumzike. Mama yangu ndiye aliyeniletea habari hiyo, akiwa amesimama, hajavua hata kanga ya juu.

"Wanasema amewanyima wazazi maji. Wanasema ni mwanangu aliyeandika. Ni kweli?"

"Mama, ni sayansi."

"Nimeuliza kama ni kweli."

Fundi mpya aliletwa kutoka kusini. Alikuwa na saa ya mkononi, hakuwa na ndoo. Alifanya upya njia yote kwa mabomba yaleyale, na mimi nilisimama juu ya kichwa chake mwanzo mpaka mwisho. Viungo vikaachia tena.

Siku hiyo nilikaa kontenani bila kuwasha chochote. Kisha nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekifanya. Niliunganisha viungo viwili kwa mkono wangu, kimoja nikakizungushia kitambaa kibichi, kimoja nikakiacha. Nikavikata vyote viwili kwa wembe, kisha nikakata cha Mestre Anli, kuanzia ngozi ya nje mpaka ndani. Cha kitambaa kilikuwa na ngozi nyeusi nje, ukanda usio na nyota kabisa. Kilichoachwa hakikuwa na ukanda huo. Cha Mestre Anli hakikuwa nao pia. Alikuwa amesema kweli. Kiungo kilikuwa kimehifadhi jinsi kilivyopoa muda wote huo, juu ya meza yangu, kikisubiri nikate milimita chache zaidi.

Kisha nikakata bomba. Nyota kubwa, wazi, kila moja na msalaba wake. Nikaweka kipande cha bomba na kipande cha kiungo juu ya kioo kimoja, nikapandisha moto polepole. Kiungo kikawa angavu kama mafuta. Bomba likabaki jeupe. Ilinibidi kupandisha tena na tena ndipo likalegea. Halikuwa la mchanganyiko. Lilikuwa polipropilini ya kawaida iliyopigwa chapa ya nyingine. Kwa muda uleule wa moto, upande wa kiungo uliyeyuka sawasawa na upande wa bomba uliyeyuka juujuu tu. Kul-huwallahu tatu zilikuwa sahihi kwa bomba lililoandikwa kwenye karatasi.

Nilimpelekea mhandisi Tomás vioo vyote kwenye sahani ya chai. Alitazama, na alielewa. Sitamsingizia, alikuwa mhandisi mzuri.

"Lakini bomba lina cheti, doutora."

"Cheti ni cha bomba lingine, senhor director."

"Relatorio yako imeshafika mkoani. Sasa niandike kwamba mkemia wangu hakutazama bomba?"

"Ndiyo. Andika hivyo."

"Hapana. Ungefukuzwa wewe, na mimi nyuma yako, na wodi isipate kitu. Nitaleta mabomba mengine."

Akayaleta kweli. Ya kwanza kushuka niliyakata mimi mwenyewe palepale kwenye lori. Njia ikafanywa mara ya tatu, na mpaka leo maji yanatoka wodini. Enfermeira Rosa alinitumia samaki. Hakuna aliyeandika neno, kwa hiyo kwenye makaratasi viungo vile viliharibiwa na Mestre Anli, kisha vikapona vyenyewe.

Niliandika relatorio ya pili kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza utotoni na kuzidharau nilipokwenda Maputo. Ilinichukua siku mbili, ukurasa mmoja. Nikaenda nayo nyumbani kwake asubuhi. Alikuwa amerudi kwenye uhunzi, anafua jembe uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya chapa, ya nyota, ya kitambaa. Nikamnyooshea karatasi. Hakuipokea.

"Nisomee kwanza ile ya kwanza."

"Mestre, ile haina maana tena."

"Unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikamsomea, safari hii neno kwa neno, nikiigeuza Kiswahili.

"Rudia hapo kwenye fundi mkuu."

"Viungo viliachia kwa sababu fundi mkuu, ingawa alionywa, aliendelea kuvipoza kwa maji."

"Siku ile uliniambia namna vilivyopoa."

"Ndiyo, Mestre."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Uliona haya, ukaendelea."

Nikamnyooshea tena karatasi yangu. Hapo ndipo alipopokea ile ya pili. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho, akaikunja kama nilivyokuwa nimeikunja.

"Hii ni sawa. Ipeleke wewe msikitini. Mimi sina ninachowaomba."

Nikaipeleka. Imamu aliwasomea kamati, wakasema alhamdulillahi, haki imejulikana. Kuhusu ufunguo, walisema wameshampa mtu mwingine, naye hajakosa kitu, sasa wamnyang'anye kwa lipi? Nikataka kubishana. Kikohozi kikanikamata mlangoni, na walipomaliza kuniletea maji ya kunywa mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine, nikakata mabomba mengi, na sikuandika jina la mtu kabla ya kukata viungo vyote viwili, cha mtuhumiwa na changu mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo. Na mtu asiyesoma lugha ya karatasi yenu, msomeeni kwanza ile sentensi yenye jina lake, kama ilivyo. Mkishindwa kuitamka mbele yake, rudini kontenani mkaangalie tena. Na daini feni mpaka ije.

Mestre Anli ananipita karibu kila siku, maana nyumba yetu iko njiani mwake kwenda sokoni. Kwetu watu wakikutana huulizana habari za nyumbani, za mama, za kifua, za shamba, mpaka jua linahama. Mimi namwambia, "Asalaam aleikum, Mestre." Yeye hujibu, "Waaleikum salaam," kwa sababu dini inamlazimu, na anaendelea na njia yake.